Mlima wa Rabai na Walioukimbilia

Wasomaji wetu, ambao kila mwaka hukuta katika kijitabu hiki hesabu za michango, habari za wagonjwa waliotazamwa na maiti waliosafirishwa makwao, watatuwia radhi tukiwaongezea kurasa chache za mambo ya kale. Wanachama wetu wengi hukaa Changamwe, Jomvu na Mikindani, na kila siku ya Mungu mlima wa Rabai wauona ukiwatazama. Twaona si vema mtu kuishi chini ya mlima miaka yake yote asijue ni nani waliopita juu yake.

Twauita mlima kwa desturi ya watu wa kisiwani, ambao nchi yao ni tambarare kama sinia. Mtu aliyezaliwa Kirinyaga au Kilimanjaro akituchekea tutamsamehe, maana Rabai hauinuki juu ya bahari ila kwa mita kama mia mbili. Lakini amuulize mama aupandaye mteremko ule na ndoo ya maji kichwani, ndipo atakapojua kama ni mlima au si mlima.

Rabai uko kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Mombasa, mwendo wa maili 12 hivi. Nao si kilele kimoja kilichosimama peke yake, bali ni ukingo mrefu wa vilima ulioandamana na pwani, na katika ukingo huo huo wamo Waribe, Wakambe na Wajibana upande wa kaskazini, na upande wa kusini ukishauvuka mji wa Mazeras waelekea nchi ya Waduruma. Mkono wa bahari tuuitao Tudor huingia bara ukajikunja katikati ya mikoko hata ukafika karibu na mguu wa mlima. Zamani, kabla ya barabara, msafiri wa Rabai alipanda mashua Mombasa, akangoja maji kujaa, akapelekwa nayo mpaka mwisho wa mkono huo, kisha akashuka na kuanza kupanda kwa miguu. Kwa njia hiyo pembe za ndovu zilishuka, na nguo na shanga zikapanda.

Anayetoka baharini kwenda Rabai huenda akikanyaga nchi iliyo ya kale zaidi kila hatua. Kisiwa chenyewe na ufuo wake ni mawe ya matumbawe, yaliyojengwa na wadudu wa baharini nyakati ambazo bahari ilikuwa juu kuliko sasa. Ukivuka Changamwe na Jomvu wakuta mwamba laini wa matabaka, uliotokana na matope yaliyotuama chini ya bahari ya kale sana. Mvua ikinyesha, udongo wake hunata miguuni kama ugali. Kisha mlima wainuka, nao ni mawe ya mchanga yaitwayo mawe ya Mazeras, ambayo ni ya kale kuliko yale yote mawili. Ndani ya mawe hayo hupatikana vipande vya magogo ya miti iliyogeuka kuwa jiwe, na nyuzi za mbao zikionekana bado. Wachimbaji wa mawe wa Mazeras wayajua vizuri sana, nasi twasikitika kwamba mengi huvunjwa pamoja na mawe mengine na kwenda kupamba kuta za nyumba za mijini.

Pepo za kusi, zijapo na masika, hubeba unyevu wa bahari, na zikigonga ukingo huu huinuka na kumwaga mvua. Ndiyo sababu Rabai una minazi mingi, mihogo na miembe, na mgema wa Rabai ana sifa yake hata Mombasa mjini. Lakini ukishuka upande wa pili kwenda bara, mvua zapungua ghafula, na nchi yageuka kuwa miiba na vichaka hata Taru, mahali ambapo wapagazi wa misafara waliogopa kiu kuliko simba. Basi Rabai ni kama kizingiti cha nyumba: nyuma yake ukame, mbele yake bahari. Na kizingitini ndipo mkimbizi asimamapo kwanza kuomba hifadhi.

Hilo la hifadhi ndilo lililotufanya tuandike. Habari za Rabai zimeandikwa mara nyingi, na karibu mara zote huanza na wazungu wawili waliofika mwaka 1846, utadhani mlima ulikuwa mtupu ukiwangoja. Hatuwanyimi wale wageni heshima yao. Ila twasema kwamba waliofika mwaka huo walikuwa wageni wa watu, na kwamba kabla yao na baada yao walikuja wengine, waliokuwa maskini zaidi, wakaomba jambo lile lile, nao wakapewa.

Wamijikenda husimulia kwamba walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakifukuzwa na adui zao wafugaji, wakashuka pwani hata wakajificha katika vilele vya ukingo huu. Katika Warabai wapo wazee wasimuliao asili nyingine, kwamba baadhi yao walitoka Rombo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Hatuna haja ya kuwapatanisha wazee. Masimulizi yote mawili yakubaliana katika neno moja: waliofika walikuwa watu waliokimbia.

Walipofika walijenga kaya. Kaya ilikuwa mji uliozungushiwa msitu mnene, na njia za kuingilia zilikuwa nyembamba, zenye malango, hata adui asipate kupita ila mmoja mmoja. Katikati palikuwa na moro, mahali pa baraza la wazee wa kambi, na mahali pa siri palizikwa fingo, dawa iliyoulinda mji. Msitu haukukatwa, kwa sababu msitu ndio uliokuwa ukuta. Kaya kubwa ya Warabai iliitwa Bomu, yaani kuu. Nyingine ikaitwa Mudzimuvya, yaani mji mpya. Wageni walipouliza majina wakaambiwa kwa Kiswahili Rabai Kuu na Rabai Mpya, nao wakayaandika hivyo katika vitabu vyao. Ipo na Fimboni. Watu wa mjini waliwaita wote hawa Wanyika, yaani watu wa porini, jina ambalo halikuwapendeza hata siku moja. Jina la Mijikenda, miji tisa, lilienea katika miaka ya 1940, wakati wenyewe walipounda chama chao cha umoja.

Waliotangulia kuomba hifadhi kwa wenyeji hao, katika wale ambao habari zao twazijua vizuri, walikuwa Wakamba. Wakamba walikuwa wakileta pembe kutoka Ukambani, na Warabai walikuwa wapatanishi kati yao na matajiri wa Mombasa. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliishika Ukambani, na wengi walioteremka kutafuta chakula hawakurudi tena. Wakajenga karibu na Rabai, wakaoa na kuolewa. Hata leo, ukisikia jina la Kikamba katika ukoo wa watu wa vilima vile, usistaajabu.

Sasa tuwataje wageni wa Ulaya. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kiingereza, alikaa Mombasa tangu mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga, ng'ambo ya Nyali. Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846. Wakaona kwamba kisiwani homa ni nyingi na bara i mbali, wakawaendea wazee wa Rabai Mpya kuomba mahali pa kujenga. Wazee wakashauriana, wakakubali. Tarehe 25 Agosti 1846 wageni wakapanda mlima kuhamia, wote wawili wakiwa wagonjwa wa homa. Hawakuwa na jeshi wala mizinga. Kama wazee wangelikataa, wangelirudi Mombasa na mizigo yao, na habari yao ingelikwisha hapo.

Twapenda msomaji aangalie vema jambo lililofuata, kwa kuwa ndilo lililoufanya mlima huu mdogo ujulikane London na Berlin. Rabai palikuwa njia panda ya habari. Wakamba, Waswahili na Wanyika waliokwenda na misafara walizungumza jioni juu ya nchi walizoziona, nao wale wageni wakasikiliza na kuandika. Mwaka 1848 Rebmann aliondoka Rabai kwenda Uchaga pamoja na kiongozi wa misafara, Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Akamwuliza kiongozi wake ule weupe ni kitu gani, naye akamjibu kwamba ni baridi. Jawabu hilo lilikuwa sahihi kuliko maneno ya mabwana wakubwa wa jiografia waliokaa Uingereza, ambao walikataa kabisa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta, wakamdhihaki Rebmann miaka mingi, mpaka Baron von der Decken alipoupanda mlima huo mwaka 1862 akaangukiwa na theluji yenyewe. Krapf naye, tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Kikamba, aliuona mlima Kenya ambao wenyeji walikuwa wamekwisha kumweleza.

Tena kutokana na mazungumzo ya wasafiri wa namna hiyo, Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walichora ramani ya bara, iliyotolewa Ulaya katika miaka ya 1855 na 1856, yenye ziwa moja kubwa mno lenye umbo la koa. Ramani ilikosea, kwa maana waliunganisha maziwa matatu kuwa moja. Lakini ilikuwa na ukweli wa kutosha kuwatia watu hamu. Burton na Speke walipofika pwani walipanda Rabai mwezi wa Januari 1857 kumwona Rebmann kabla ya kuanza safari yao ya maziwa. Leo majina ya Burton na Speke yamo katika kila kitabu cha shule. Wale Wakamba na Waswahili waliosema kwamba maziwa yako hawakuandikwa, isipokuwa wachache.

Maisha ya mlimani hayakuwa ya raha. Mwaka huo huo wa 1857 Wamasai walishambulia mpaka karibu na pwani, na Rebmann akalazimika kuondoka kwa muda kwenda Unguja. Akarudi. Krapf alikuwa amekwisha kwenda kwao kwa ugonjwa. Rebmann alikaa miaka 29 katika Afrika bila kwenda kwao hata mara moja, akikusanya maneno ya Kinyika na ya Kiswahili, huku macho yake yakififia. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu, naye aliongozwa safarini mpaka Ulaya na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Akafa mwaka uliofuata. Waumini aliowaacha walikuwa wachache sana, wa kuhesabika kwa vidole, na wenye kuhukumu mambo kwa hesabu walisema kwamba kazi yake ilikuwa bure.

Lakini hapo ndipo habari iliyo kubwa kuliko zote za mlima huu inapoanza, na waliyoifanya si wazungu peke yao.

Mwaka 1864 walikuwa wamekuja Mombasa vijana wa Kiafrika kutoka India. Hao walikuwa watoto waliotekwa utumwani, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza, wakalelewa na kufundishwa kazi katika shule ya misheni huko Nasik, karibu na Bombay. Miongoni mwao walikuwamo George David, Ishmael Semler na William Jones. Mwaka 1873 Sultani wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kufunga masoko ya watumwa, na miaka miwili baadaye mji wa Frere Town ukaanzishwa ng'ambo ya Nyali kwa ajili ya watumwa waliokamatwa baharini. Kengele yake ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Rabai nako wakapelekwa walimu na watu waliookolewa, na William Jones akawa mwangalizi wa mahali hapo.

Sasa, mapatano ya 1873 yalizuia kuuza watumwa kwa njia ya bahari. Hayakumwachilia mtumwa aliyekwisha kuwa shambani. Katika mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi, Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo waliendelea kulima mtama na minazi ya mabwana zao kama jana na juzi. Wakasikia ya kuwa juu ya mlima upo mji wa watu weusi walio huru, na mwangalizi wake yeye mwenyewe alikuwa mtumwa zamani. Wakaanza kutoroka. Walikuja usiku mmoja mmoja na wawili wawili, wengine na watoto mgongoni, wakipita katika mikoko na vichaka. Katika njaa kubwa ya mwaka 1884, ambayo watu waliweka rehani hata jamaa zao ili wapate nafaka, waliongezeka.

Kuwapokea kulikuwa kosa kwa sheria ya nchi, na kwa amri ya misheni pia. Wakubwa wa misheni walijua kwamba mabwana wa watumwa wakikasirika wataweza kuiteketeza Frere Town na Rabai kwa siku moja. Kwa hiyo walikataza mtoro asipokewe. Hatuwezi kusema hofu yao ilikuwa bure. Kijiji cha watoro cha Fuladoyo, bara upande wa kaskazini, kilishambuliwa mwaka 1883, na David Koi aliyekuwa mwalimu wao akauawa. Lakini kutoa amri ukiwa mbali ni kazi rahisi, na kumrudisha mtu aliyesimama mlangoni pako usiku ni kazi nyingine. William Jones hakuwarudisha. Watoro wakapewa mahali pa kujenga na konde la kulima, wakaingizwa katika hesabu ya kanisa, wakaoana na kuzaa, na miaka ikapita.

Wala tusiifanye habari kuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Wamijikenda hawakuwa wote wapole kwa watoro. Wapo waliowarudisha kwa mabwana zao wakalipwa nguo, na wapo waliowaweka kama watumwa wao. Wazee wa kaya walikuwa na mapatano yao ya zamani na wakuu wa Mombasa, nao walikuwa na biashara ya kulinda. Hata hivyo ardhi waliyoijenga na kuilima watoro ilikuwa ya Warabai, nao Warabai wangeliweza kuwafukuza siku yoyote. Hawakuwafukuza. Twaona neno hilo halijapewa haki yake katika vitabu tulivyovisoma.

Jones mwenyewe alipata kujaribiwa kwa namna nyingine. Mwaka 1885 alitiwa daraja ya ushemasi pamoja na Semler, na mwaka ule ule akafuatana na Askofu Hannington katika safari ya kwenda Uganda kwa njia ya Umasaini. Askofu aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na sehemu kubwa ya msafara, akangoja, akapata habari, akawaongoza waliosalia kurudi pwani. Walifika Rabai mapema mwaka 1886, wamechakaa kwa njaa na safari. Wengi wa wapagazi waliokufa walikuwa wana wa vilima hivi, na katika vitabu vya safari ile wametajwa kwa jumla tu.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ilichukua utawala wa pwani kwa niaba ya Sultani, na wakili wake George Mackenzie alipofika Mombasa alikuta mji umechafuka. Mabwana wa watumwa walikuwa wamekwisha kujua ni wangapi waliojificha katika misheni, nao walitaka mali yao, kama walivyoiita, au damu. Padre Price, aliyekuwa amerudi mwaka huo, alifanya uchunguzi akaona kwamba watoro waliokuwa Rabai si makumi bali ni mamia. Fikiri basi hali ya watu hao. Wengine walikuwa wamekaa miaka mingi, wana nyumba, minazi imekwisha kuzaa, watoto wamo shuleni. Na sasa wasikia kwamba wakubwa wanashauriana Mombasa juu ya shingo zao, kama watarudishwa au hawatarudishwa. Wao hawakuitwa shaurini.

Mackenzie alichagua kulipa. Fedha zilichangwa na kampuni, serikali ya Uingereza na misheni, na kila bwana aliyethibitisha dai lake akapewa fidia. Tarehe 1 Januari 1889, hapo Rabai, watu walikusanyika na vyeti vya uhuru vikagawanywa. Waliokombolewa katika misheni za pwani walikuwa zaidi ya 1,400, na wengi wao walikuwa watu wa mlima huu. Twajaribu kuwaza siku ile: jina laitwa, mtu atoka katika kundi, apokea karatasi asiyoweza kuisoma, airudia mahali pake akiishika kwa mikono miwili.

Yatupasa kuongeza mambo mawili ambayo sherehe ya siku ile huyafunika. La kwanza, fidia yote ililipwa kwa mabwana, na aliyefanya kazi miaka 20 shambani bila ujira hakulipwa hata pesa moja. La pili, misheni ziliahidi kwamba tangu siku hiyo hazitapokea mtoro tena. Mlango ulifunguliwa kwa waliokuwa ndani, ukafungwa kwa waliokuwa nje. Nao walio nje walingoja mpaka mwaka 1907, utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani hii. Miaka 18 si muda mfupi kwa mtu aliye utumwani. Wasomaji wapendao kujua zaidi maisha ya walioachiliwa na watoto wao wakitafute kitabu cha James Mbotela, *Uhuru wa Watumwa*, kilichotolewa mwaka 1934, ambacho mwandishi wake alizaliwa katika watu wa Frere Town.

Yaliyofuata tutayapitia haraka. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896, ikapanda ukingo kwa njia ya Mazeras, na biashara ikashuka mlimani kuifuata. Misafara ikafa. Waliokuwa wapagazi wakawa makuli wa bandari ya Kilindini, na wasomi wa Rabai wakatawanyika katika pwani na bara wakiwa walimu, makarani na mafundi, kwa kuwa shule za misheni zilikuwa zimewatangulia wengine kwa miaka mingi. Watu wengi wa kaya walikuwa wamekwisha kuhama kutoka msituni kwenda kulima mabondeni, kwa maana adui wa zamani hakuwapo tena. Kaya zikabaki kuwa mahali pa makaburi, maombi na mashauri.

Katika miaka ya 1950 mlima ulipata kazi mpya. Bomba kubwa la maji lilitandikwa kutoka chemchemi za Mzima, mwendo wa kilomita 220 hivi, na mwisho wake ukawekwa Mazeras, katika matangi yaliyojengwa juu ya ukingo, ili maji yateremke yenyewe mpaka kisiwani bila kusukumwa. Kwa hiyo mwanachama wetu wa Mikindani afunguaye mfereji, maji yakitoka, yatoka mlimani. Tumesema yakitoka. Wajumbe wetu wa kutazama wagonjwa, wakipanda kwenda vijijini kwa jamaa za wanachama, hukutana na akina mama wenye madumu ya manjano wakitafuta maji karibu na bomba lile lile liupelekealo mji maji.

Misitu ya kaya nayo imekuwa na shida zake. Ulinzi wa fingo ulitosha wakati kila mtu aliiogopa. Ulipopungua woga, shoka liliingia, na baada ya shoka wachimbaji wa mawe na wagawanyaji wa viwanja. Tangu mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 misitu mitakatifu ya Mijikenda ikaandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia, zikiwamo kaya za Rabai. Tangazo ni jambo jema, lakini aliyeko pale usiku gogo likikatwa ni mzee wa kaya, na wazee wa kaya hawana mshahara.

Atakaye kwenda kuona haya kwa macho yake ashuke Mazeras, aulize njia ya Rabai, si mbali. Atalikuta kanisa la zamani, na jumba la makumbusho lenye jina la Krapf, ambamo ataelezwa habari nyingi kati ya hizi. Akitoka hapo akitazama mashariki siku isiyo na ukungu ataiona Mombasa yote, na bahari nyuma yake. Na akitaka kuingia Mudzimuvya, asiingie peke yake. Aende kwanza kwa wazee, aseme yeye ni nani na ametoka wapi, aombe ruhusa, angoje jibu. Wageni wa mwaka 1846 walifanya hivyo hivyo.